Usukani wa kupanda miamba: silinda ya kusaidia au haidroliki tupu?

Funga matairi ya inchi 37 kwenye Toyota Hilux ya zamani yenye ekseli ya kipande kimoja mbele, ile ya 1979 hadi 1985 ambayo wapanda miamba kwa magari wa Marekani bado wanaitafuta kwa udi na uvumba, na usukani ndio utakaolalamika mapema. Tairi limepunguzwa upepo, limebanwa kati ya mawe mawili, difu ya mbele imefungwa loki ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, na dereva anataka likate kona papo hapo gari likiwa limesimama. Mzigo wote huo unabebwa na stelingi boksi (boksi la gia linalopokea mzunguko wa usukani na kusukuma fimbo za magurudumu), bolti chache na kipande cha chesisi.

Dawa zinazopendekezwa ni mbili. Ya kwanza ni kuacha boksi mahali pake na kuongeza silinda ya haidroliki inayosukuma tairodi, yaani fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Ya pili ni kung'oa boksi kabisa, ili kati ya usukani na magurudumu kusiwe na kiungo chochote cha chuma, bali valvu, hozi na mafuta, kama ilivyo kwenye fokolifti. Kwa gari linalofika miambani kwa magurudumu yake lenyewe, mimi nasimama na silinda ya kusaidia. Hata hivyo, wanaotetea haidroliki tupu wana hoja nzito.

Silinda yao inakaa juu ya ekseli na kusukumana na ekseli hiyo hiyo, kwa hiyo chesisi haipasuki. Hakuna fimbo ya usukani inayovutwa huku na huku springi zikipanda na kushuka. Jiwe likigonga tairi kwa nguvu, usukani haurudi nyuma na kumvunja dereva kidole gumba. Wala si kweli kwamba mfumo huu ni wa magari ya polepole tu. Katika King of the Hammers, mashindano yaliyoanza 2007 kwenye jangwa la Johnson Valley, California, magari yanayokimbia kasi kubwa mchangani kisha kupanda miamba yanautumia sana.

Ila magari hayo huletwa kwa trela, yana mafundi wake, na hozi zake hukaguliwa kila mara. Gari la mtu wa kawaida halina uangalizi huo. Kwenye lami, haidroliki tupu hairudishi usukani katikati baada ya kona. Dereva aurudishe mwenyewe. Hozi ikipasuka kwenye mteremko, hana kingine cha kushika. Mwenye boksi akikatikiwa na mkanda wa pampu, usukani unakuwa mzito mno, lakini magurudumu bado yanamtii. Kwangu hilo ndilo linaloamua, kwa sababu anayetembea kando ya barabara hakushirikishwa tulipochagua vifaa.

Kenya tuna mashindano ya magari ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989 kuchangia uhifadhi kupitia shirika la Rhino Ark. Timu ina saa 10 kupita vituo vyote, na anayetumia umbali mfupi zaidi ndiye mshindi, kwa hiyo watu hukata moja kwa moja kwenye makorongo na majabali. Gari lililoundwa kwa ajili ya siku hiyo tu na kupelekwa kwa lori, sina ugomvi nalo likiwa na haidroliki tupu. Land Cruiser inayorudi Nairobi jioni kwa barabara kuu ni habari nyingine.

Silinda ya kusaidia nayo si ya kubandika tu. Mtu mmoja akae ndani, injini ikiwa inawaka, azungushe usukani kushoto na kulia; mwingine achungulie boksi kutoka nje. Boksi likicheza kwenye chesisi kabla magurudumu hayajageuka, tatizo liko hapo, na mara nyingi nyufa nyembamba zimeshaanza kuzunguka matundu ya bolti. Panahitaji bamba la kuimarisha na vipande vya bomba vilivyochomelewa ndani ya chesisi ili bolti zikikazwa zisiibonyeze.

Kwenye Hilux ile kuna kasoro ya ziada: fimbo ya usukani inakwenda mbele na nyuma, hivyo springi ikijikunja magurudumu yanageuka bila kuamriwa. Wengi huweka boksi la Hilux za kuanzia 1986, ambalo mkono wake unakwenda kando, kisha wanapandisha fimbo na tairodi juu ya springi, mbali na mawe. Ni kazi nzuri sana. Lakini mikono mipya ya kugeuzia magurudumu, iliyo kwenye ekseli, inashikwa na stadi (bolti zisizo na kichwa) nne tu kila upande, na zikilegea zinakatika. Zikaguliwe kwa spana ya kupimia nguvu kila safari.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba usukani ukipata nguvu, udhaifu unahamia kwingine. Tairi ambalo zamani lilikataa kugeuka sasa linalazimishwa, na joinati za shafti za mbele zinavunjika kona ikiwa imekatwa hadi mwisho huku dereva akikanyaga mafuta. Vizuizi vya kona kwenye ekseli virekebishwe, na viguse kabla silinda haijafika mwisho wake. Pampu pia ipimwe injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, maana miambani ndiko injini inakozunguka polepole na pampu kutoa mafuta kidogo.

Kama pesa ya mwaka huu inatosha kazi moja tu, ianzie kwenye chesisi pale boksi linaposhikwa. Fimbo na tairodi zifuate, na silinda inunuliwe mwisho.