Ndege wa Rautavaara si wa kubembelezea usingizi

Juzi usiku nikitafuta cha kusikiliza, nimeikuta Cantus Arcticus, kazi ya okestra ya Einojuhani Rautavaara, imewekwa kwenye orodha ya muziki wa kulalia, katikati ya sauti za mvua na mawimbi. Imeniuma kweli. Kwa masikio yangu, hakuna kazi ya huyu mtunzi wa Ufini inayostahili kusikilizwa mtu akiwa macho kabisa kuliko hii.

Najua kinachowapoteza watu. Inaanza na filimbi mbili tu, zinafukuzana taratibu, vyombo vingine vya kupuliza vinajiunga kimoja kimoja, halafu ndege wanaingia. Ndege wenyewe hasa, waliorekodiwa kwenye vinamasi vya Liminka, Ufini, na karibu na Mzingo wa Aktiki. Mtu akisikia hivyo anajiambia, aa, mandhari. Lakini Rautavaara aliiita konseto ya ndege na okestra. Konseto! Maana yake ndege wamekalia kiti cha mpiga piano au mpiga fidla, na okestra nzima ipo kuwasindikiza. Tena ni wageni wagumu. Mpiga piano humtupia jicho kiongozi wa okestra, wakapunguza mwendo pamoja. Kanda haimtazami mtu. Ndege akilia amelia, na waliobaki wajipange.

Na aliipeleka wapi? Kwenye sherehe ya kutunuku shahada za uzamivu. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Oulu kilitaka muziki wa sherehe yake ya kwanza ya aina hiyo, shughuli ambayo desturi yake ni kantata, yaani utungo mrefu wa kuimbwa na okestra, na kwaya ya kusifu. Yeye akawaletea wasomi wale ndege wa kinamasini. Kila nikikumbuka nampenda zaidi.

Sehemu ya pili inaitwa Melankolia, na hapo ndipo usingizi huniruka. Amemchukua kipozamataza, ndege mdogo mwenye mlio mwembamba, akaishusha sauti yake oktavo mbili, yaani ngazi mbili nzima za noti. Kinachotoka si ndege tena. Ni kitu kizito, cha polepole, kinachoita bila kuitikiwa. Mwenyewe alimwita ndege mzuka.

Siwezi kuisikia sehemu hiyo bila kuwaza utoto wake. Alizaliwa Helsinki mwaka 1928, baba yake akiwa mwimbaji wa opera. Baba alifariki yeye hajatimiza miaka 10. Mama, aliyekuwa daktari, naye akafuata mwaka 1944, vita havijaisha. Akahamia Turku kwa ndugu wa mama, na huko, akiwa na miaka 17, ndipo alipoanza kufundishwa piano. Miaka 17! Wenzake wa umri huo walishakuwa jukwaani. Simaanishi kwamba kipozamataza ni mama yake. Muziki hausomwi hivyo. Nasema tu kwamba aliyeandika wito ule usioitikiwa aliujua.

Mwaka 1955, Sibelius, mtunzi mkuu wa Ufini, alipotimiza miaka 90, aliombwa amteue kijana mmoja wa Ufini aende Marekani kusoma kwa ufadhili. Akamteua Rautavaara, naye akaenda Juilliard, chuo cha muziki cha New York. Baadaye akazama kwenye mtindo mkali wa kupanga noti kwa mahesabu, na simfonia yake ya nne, Arabescata ya mwaka 1962, imejengwa hivyo. Wapo wanaoichukulia miaka ile kama kosa alilolitubu. Sikubali. Sehemu ya tatu ya Cantus Arcticus, batamaji wanapohama, inagawa vyombo katika makundi manne, kila kundi linakwenda na mwendo wake, na bado haigeuki kelele. Mkono unaoweza kushika vurugu namna hiyo ulifundishwa na hesabu zile.

Sikiliza hapo mwishoni. Batamaji wanaongezeka, wanalia juu ya wenzao, vyombo navyo vinajazana mpaka unahisi anga lote lina mabawa. Kisha wanapita. Sauti inasogea mbali, inakuwa uzi, na hujui ni wakati gani hasa imekatika.

Jana nimeirudia nimekaa wima kitini, taa inawaka, mpaka batamaji wa mwisho.