Tuache kubuni maana za maskani, tuanze na vitako vya fedha

Mahubiri mengi kuhusu maskani ya Musa, yaani hema la ibada la Waisraeli jangwani, huanzia kwenye rangi za vitambaa vyake. Samawi ni mbingu, zambarau ni ufalme, nyekundu ni damu. Kisha zinafuata nguzo: nne za lango la ua ni Injili nne, tano za mlango wa hema ni huduma tano za Waefeso 4:11. Watu huitikia amina na kuandika. Naona tunawanyima kilicho bora, maana kitabu cha Kutoka hakisemi lolote kati ya hayo, na hata hesabu haikai. Pazia la ndani, lililofunika Patakatifu pa Patakatifu, nalo lilitundikwa kwenye nguzo nne. Kama nne za langoni ni Injili, hizi za ndani ni nini? Aliyebuni maana ya kwanza atalazimika kubuni ya pili, na kufikia hapo Maandiko yamekwisha kunyamazishwa.

Kuna sehemu ambayo wahubiri huiruka kwa sababu imejaa hesabu, nayo ndiyo tajiri kuliko zote. Kuta za hema zilikuwa mbao 48 za mshita zilizofunikwa dhahabu: 20 kusini, 20 kaskazini, 8 nyuma upande wa magharibi. Kila ubao ulikuwa na ndimi mbili chini, na kila ulimi uliingia katika kitako cha fedha, yaani msingi wa kuusimamisha. Hivyo ni vitako 96. Ongeza vinne vya nguzo za pazia, vinatimia 100, kila kimoja talanta nzima, yaani kilo thelathini na kitu. Fedha hiyo ilitoka wapi? Kutoka 38:25-28 inajibu: wanaume 603,550 walihesabiwa, kila mmoja akatoa nusu shekeli (kipimo cha uzito wa fedha). Jumla ni shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, kwa hiyo ni talanta 100 kamili za vitako, zikabaki shekeli 1,775 za kulabu na mapambo ya nguzo.

Sasa rudi Kutoka 30:11-16 uone nusu shekeli ile ilikuwa ya nini. Ilikuwa fidia ya nafsi. Tajiri hakuruhusiwa kuongeza, maskini hakuruhusiwa kupunguza. Maana yake ni kwamba nyumba ya Mungu jangwani, pamoja na dhahabu yake yote, ilisimama juu ya fedha ya ukombozi, na sehemu ya kila mtu ilikuwa sawa na ya mwenzake. Mkristo akifika 1 Petro 1:18-19, anaposoma kwamba hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu bali kwa damu ya thamani ya Kristo, hahitaji kubuni chochote.

Kanuni ninayoitetea ni hii: kabla ya kuuliza kifaa kinamwakilisha nani, uliza kilitumiwa na nani, lini, na kwa kazi gani. Waraka kwa Waebrania hufanya hivyo. Pazia lilizuia njia ya kuingia mbele za Mungu, ndiyo maana 10:20 inaliita mwili wa Kristo, ambao kwa huo njia imefunguliwa. Na Mathayo 27:51 inasema pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini. Lakini mwandishi huyohuyo wa Waebrania, akiisha kutaja sanduku la agano, makerubi na kiti cha rehema, anasema katika 9:5 kwamba hana nafasi ya kueleza vitu hivyo kimoja kimoja. Alijizuia. Kwa nini sisi tusijizuie?

Tusipoangalia kazi, hata hadithi zisizo na msingi hupata nafasi. Inasimuliwa sana kwamba kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni, watu wakasikiliza njuga zake, zikinyamaza wamvute nje akiwa maiti. Kamba hiyo haimo popote katika Biblia. Na zile njuga zilikuwa kwenye joho la samawi, ilhali Walawi 16:4 inaagiza kwamba anapoingia ndani ya pazia Siku ya Upatanisho avae kitani tupu: kanzu, suruali, mshipi na kilemba. Mavazi ya utukufu yaliachwa nje. Ukilijua hilo unaona jinsi alivyoingia mbele za Mungu bila fahari yoyote, na hapo kuna mengi ya kusema kuhusu Kristo kuliko kwenye kamba ya kubuni.

Tena, Mwisraeli wa kawaida hakuingia kamwe ndani ya hema. Hakukiona kinara, wala meza yenye mikate 12 iliyobadilishwa kila Sabato. Alichokifikia ni madhabahu ya shaba uani, dhiraa 5 kwa 5, kimo chake dhiraa 3, kama mita 2.25 kila upande na kimo cha mita 1.35. Hapo aliweka mkono juu ya kichwa cha mnyama na kumchinja mwenyewe, kisha kuhani akainyunyiza damu (Walawi 1:4-5). Mafundisho yanayokimbilia dhahabu humfikisha msikilizaji mahali ambapo mwabudu mwenyewe hakufika. Mwenye saa moja tu ya kufundisha aitumie nusu yake kwenye Walawi 1 na 16, halafu asome Waebrania 13:11-12, inayokumbusha kwamba wanyama ambao damu yao ililetwa patakatifu waliteketezwa nje ya kambi, na kwamba Yesu naye aliteswa nje ya lango. Sanduku linaweza kusubiri somo la pili.