Dipoziti yangu imerudi yote

Juzi nimehama nyumba hapa Leicester, na siku ya tisa dipoziti ikaingia benki, pauni 900 kamili. Mombasa nimehama mara nne na sijawahi kurudishiwa hata pesa ya nyanya. Jibu mnalijua: "Hiyo ilikuwa ya rangi."

Msidhani nasifu uungwana wa Wazungu. Mwenye nyumba wangu ni bahili, Januari tulikaa wiki tatu bila maji moto. Alirudisha kwa kuwa pesa hazikuwa mkononi mwake. Tangu 2007 sheria ya Uingereza inamtaka aisajili dipoziti kwenye mpango ulioidhinishwa, na leo ana siku 30 tu. Akikaidi, korti yaweza kumlipisha hadi mara tatu yake.

Na sheria hizi zilitolewa jasho. Mwaka 1915 kule Glasgow, wanaume wako vitani, kodi zikapandishwa. Akina mama wakiongozwa na Mary Barbour wakagoma kulipa, na aliyekuja kuwatoa akatupiwa unga. Mwaka uleule bunge likazuia kodi kupanda. Mwaka 1957 likalegeza kamba, na mtaani Notting Hill, London, mwenye nyumba Peter Rachman akawakamua wapangaji, wengi wao weusi kutoka Karibi waliofungiwa milango kwingine. Kashfa ikalipuka 1963, na kufikia 1965 kumfukuza mpangaji bila amri ya korti kukawa jinai.

Sasa mtasema nimeenda Ulaya nikasahau kwetu. Nisahau vipi? Kisauni nilichelewesha kodi siku sita, nikarudi kazini nikakuta mlango umeng'olewa. Jirani, mama wa watoto watano, akavua leso yake akanitundikia pale, na usiku akamlaza mwanawe wa kiume kizingitini kwangu. Hapa mwaka wa tatu sijui jirani yangu aitwa nani. Utu ule siubadilishi na korti yoyote.

Lakini kwa nini utu ubebe kazi ya sheria? Na usiniambie sheria tunayo. Ile ya kudhibiti kodi, ya 1959, tuliyoachiwa na mkoloni, bado inamlinda anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe nyumba hiyo Nairobi. Waingereza walibadilisha zao kila wapangaji walipopiga kelele. Sisi twapigia kelele keateka, msimamizi wa nyumba.

Dada yangu anahama mwezi ujao. Nimemwambia apige picha kila ukuta kabla hajaingiza godoro.