Ndoa ikishindikana, usuluhishi usiishie hapo

Kwetu Tanzania, anayetaka talaka mahakamani hutakiwa kwanza apite Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Hivyo ndivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyosema. Na kabla ya kufika huko wengi wameshakaa vikao vya nyumbani: mshenga ameitwa, wajomba na mashangazi wamekuja, shehe au mchungaji ametoa nasaha. Naishi Uingereza miaka sasa, nimeona watu wa huku wanavyoachana, na bado vikao vile naviheshimu. Anayekusikiliza alikuwepo siku ya mahari. Mwanaume anayemjibu hakimu kwa kiburi hunywea mbele ya shangazi yake.

Kinachoniuma ni kwamba nguvu yote inakwenda kwenye jambo moja tu, warudiane. Wakikataa, baraza linaandika kuwa limeshindwa kuwapatanisha, linatoa hati, basi. Watoto watalala kwa nani siku za shule? Ada atalipa nani? Kiwanja je, na deni la kikoba? Hayo yanasubiri Mahakama ya Mwanzo, na wanafika huko wakiwa mahasimu. Wasiofika mahakamani ndio wengine kabisa: mama anarudi kwao na begi lake, na matunzo ya watoto yanategemea baba kaamkaje.

Huku msuluhishi wa familia hakuulizi kama mtarudiana. Anaanza na watoto na mali. Tangu 2014, anayetaka kufungua kesi ya mambo hayo England na Wales lazima kwanza akutane naye aelezwe njia hiyo, isipokuwa pale penye ushahidi wa ukatili wa nyumbani au sababu nyingine zinazokubalika. Mwaka 2021 serikali ilianza kuchangia hadi pauni 500 kwa wanaosuluhishwa kuhusu watoto. Wasioweza kutazamana huwekwa vyumba tofauti, msuluhishi akienda na kurudi kati yao. Kila mmoja anaweka wazi mshahara, akiba, pensheni na madeni.

Binamu yangu alipoachana na mumewe hapa, walitoka kwa msuluhishi na karatasi inayosomeka: wikiendi moja kwa baba, inayofuata kwa mama, Idi wanapokezana, pasipoti ya mtoto inakaa kwa mama, na hakuna safari ya Tanga mpaka wote wawili wakubali. Hawapendani hata leo, lakini mtoto anajua Ijumaa anachukuliwa na nani.

Walipokwama ni kwenye nyumba ya Kigamboni. Imejengwa kwa fedha walizotuma wote wawili, kwenye kiwanja chenye jina la kaka wa mume. Msuluhishi wa Kiingereza angeijulia wapi habari hiyo? Wazee wetu wangemwita kaka mtu, akakaa mkekani, akasema ukweli mbele ya mama yake.

Ndiyo maana nataka kazi hii ifanywe na baraza lile lile la kata. Likishaona ndoa haiponi, liwaweke tena kikao kingine, safari hii wazungumzie malezi, matunzo na mali, waandike, watie saini, waende na karatasi hiyo mahakamani pamoja na hati. Na mke asiambiwe hakuchuma kitu: Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kuwatetea wazee wetu. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataja wanaoruhusiwa kutopita barazani: aliyetelekezwa asijue mwenzake yuko wapi, ambaye mwenzake yuko nje ya nchi na hatazamiwi kurudi karibuni, hata ambaye mwenzake amefungwa miaka mitano au zaidi. Anayepigwa hakutajwa. Anabaki kuomba mahakama ione kuwa hali yake si ya kawaida, na huku nyuma ukoo unamwambia avumilie. Mwanamke mwenye jeraha asikalishwe mkeka mmoja na aliyemjeruhi, na sheria iliandike hilo waziwazi.