Uraia Usiopimwa kwa Rangi: Mjadala wa Tanganyika, 1961

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia, na baadhi ya wabunge wa chama tawala, TANU, wakaupinga kidete. Walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, kwa sasa angalau. Waziri Mkuu Julius Nyerere alijibu kwa ukali usio wa kawaida yake: aliwataja Hitler na Verwoerd, waziri mkuu wa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, akaonya kwamba serikali itajiuzulu muswada ukianguka. Ukapita.

Ni rahisi leo kuwaona wapinzani wale kuwa wabaguzi tu, lakini hoja yao ilikuwa na mzizi. Ukoloni ulikuwa umegawa shule kwa rangi, na biashara na vyeo vya juu vilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Kwa hiyo sheria inayomtazama kila mtu kwa jicho moja ingemkuta Mwafrika nyuma na kumwacha hapo hapo. Swali hilo lilikuwa la haki. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kutafuta jibu katika uraia, kwa sababu anayenyimwa uraia kwa nasaba yake hana njia ya kujirekebisha, ilhali pengo la elimu na ajira huweza kuzibwa kwa shule na mafunzo. (TANU yenyewe, tukumbuke, ilikuwa bado haijafungua uanachama kwa wasio Waafrika, ilifanya hivyo mwaka 1963.)

Hata hivyo Nyerere hakulimaliza swali kwa kushinda kura. Alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, serikali ya Rashidi Kawawa iliharakisha kuwapa Waafrika nafasi za utumishi, mpango ambao mitaani uliitwa naizesheni, na kwa miaka miwili raia wa asili nyingine walisubiri nyuma yao. Januari 1964 Nyerere, sasa akiwa Rais, alitangaza kuwa upendeleo huo umekwisha na raia wote watatendewa sawa. Tarehe 20 mwezi huohuo askari wa kambi ya jeshi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Kuulaumu uamuzi wa Rais kwa maasi hayo ni kupita kiasi, maana mshahara ulikuwa duni kweli. Ila dai la pili lilikuwa lilelile la 1961, safari hii likisemwa na watu wenye bunduki.