Mzee wa Ujerumani, mzee wa Tanzania, na binti aliyebaki nyumbani

Mada ya wazee ikiibuka kwenye makundi yetu tulio ughaibuni, kauli ni ileile: Wazungu huwatupa wazazi wao, sisi tunawatunza. Ndugu zangu, kwa Ujerumani takwimu zinakataa. Mwishoni mwa 2023 waliohitaji uangalizi, yaani kusaidiwa shughuli za kila siku, walikuwa kama milioni 5.7, na zaidi ya wanane katika kila kumi waliishi majumbani, wengi wao wakihudumiwa na mume, mke au watoto. Waliokuwa kwenye nyumba za wazee ni takriban laki nane. Mapenzi yapo. Kilichobadilika ni nani analipa, na kwa kanuni ipi.

Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, alilieleza jambo hili mwaka 1893. Jamii ya zamani hushikamana kwa sababu watu wake wanafanana: wote wanalima, wanasali pamoja, wanaingoja mvua moja. Watu wakisongamana mahali pamoja na kazi zikagawanyika, muuguzi na fundi umeme hawafanani tena, ila hakuna anayeweza kuishi bila mwenzake. Mshikamano unaendelea, kwa kamba nyingine. Wakati anaandika, Ujerumani ilikwishaanzisha bima ya ugonjwa (1883), ya ajali kazini (1884) na ya uzee na ulemavu (1889). Viwanda vilikuwa vimemtoa kijana kijijini, na mkono uliokatwa na mashine haungeweza kufidiwa na shangazi mwenye ng'ombe wawili.

Bima ya uangalizi ilichelewa sana, ilianza 1995. Leo mchango wake ni asilimia 3.6 ya mshahara, kwa kawaida nusu ikitoka kwa mwajiri. Asiye na mtoto, akishatimiza miaka 23, huongeza asilimia 0.6 mfukoni mwake. Nyongeza hiyo inasema mengi: hata sheria ya nchi ya viwanda bado inamhesabu mtoto kuwa sehemu ya bima.

Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani, naye aliona uamuzi uliokuwa wa mila na huruma ukihamia kwenye vipimo na fomu. Ukiomba fedha za uangalizi, mkaguzi huja nyumbani na kumpima mzee katika maeneo sita, na kujihudumia, yaani kula, kuoga, kuvaa na kwenda chooni, kunabeba asilimia 40 ya alama. Alama hupanga ngazi ya uhitaji, na ngazi ikiwa juu fedha huongezeka: alama 27 zinampa ngazi ya 2, 47.5 ngazi ya 3, 70 ngazi ya 4, 90 ngazi ya 5. Anayelelewa na ndugu akiwa ngazi ya 2 hupata euro 347 kwa mwezi kwa viwango vya 2025. Ngazi ya 5 ni euro 990.

Hapa ndipo familia zetu zinapoumia. Mgeni amekuja, mama anavaa kanga mpya, anajikaza kusimama, anasema, "Mwanangu, naweza mwenyewe." Heshima tuliyofundishwa inamkatia alama. Wiki mbili kabla ya ukaguzi, andikeni daftari: usiku anaamshwa mara ngapi, nani anamfunga vifungo, kuoga kunachukua dakika ngapi. Anayemlea kila siku awepo siku hiyo, na barua za daktari ziwe mezani. Ngazi ikija ya chini, pingamizi la maandishi lipelekwe ndani ya mwezi mmoja.

Nyumbani Tanzania mambo ni tofauti. Mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, unahitaji kwanza huo mshahara, na mama lishe au mkulima hana karatasi ya malipo ya kukatwa. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, na ninaiona kuwa hatua kubwa. Kwingine mzigo unabebwa na ukoo na kikundi.

Nisichokubali ni kukiita kikundi cha kufa na kuzikana cha Dar es Salaam mila ya mababu. Wanachama wanatoka makabila mbalimbali, wana katiba, kiingilio, ada na faini, na fedha zinapita kwenye simu. Ni bima inayojengwa na watu wenyewe. Kwa hiyo kinavunjika kama bima inavyovunjika. Neno "mzazi" halikufafanuliwa, basi mmoja anadai rambirambi ya mama mdogo na mwingine ya baba mkwe. Mtu anajiunga wakati mgonjwa wake yu mahututi tayari. Fedha zote ziko kwenye laini ya mweka hazina. Misiba mitatu katika mwezi mmoja inaumaliza mfuko, na ambao bado hawajafiwa wanaacha kulipa. Majina ya wategemezi yaandikwe siku ya kujiunga, miezi mitatu ipite kabla ya kunufaika, fedha zitoke kwa idhini ya watu wawili, na sehemu ya kila ada iwekwe akiba isiyoguswa.

Lakini kikundi kinamsubiri mzee afe. Miaka kumi ya kumgeuza kitandani haipo kwenye katiba yoyote niijuayo, na kazi hiyo mara nyingi anaachiwa binti mmoja. Ujerumani, ndugu anayemlea mgonjwa wa ngazi ya 2 au zaidi kwa angalau saa 10 kwa wiki, zilizogawanywa katika siku mbili au zaidi, na asiyefanya kazi ya mshahara kuzidi saa 30 kwa wiki, anachangiwa pensheni na bima ya uangalizi. Kwetu dada huyo anazeeka bila mchango hata mmoja, huku sisi tulio mbali tukituma fedha za dawa na kujiona tumemaliza. NSSF inawapokea waliojiajiri. Ndugu wanne tulio nje tunaweza kumwandikisha yeye kwa jina lake na kumlipia kila mwezi, mbali na fedha za mama.