Msimfungie Ndani

Jumamosi tulimzika baba mdogo, Marangu. Mzee mmoja akasimama kutoa neno, akasema marehemu "alishindwa kuacha pombe." Nilinyamaza kwa heshima ya msiba, ila leo sinyamazi. Baba mdogo hakufa akinywa. Alikufa siku ya tatu tangu aache.

Tulimfungia sisi wenyewe. Uji, ndoo ya maji, kufuli kwa nje. Siku ya kwanza alitetemeka hadi kikombe kikawa kinagonga meno. Ya pili akaanguka kifafa. Ya tatu akawa anaokota siafu kwenye blanketi, na siafu hawakuwepo. Tukakemea mapepo.

Ile ilikuwa arosto, mwili kudai kilevi ulichokizoea. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hujikaza miaka yote kushindana nayo. Ukiikata ghafla, ule mkazo unabaki peke yake. Kifafa huja ndani ya saa 48, kuweweseka siku ya pili hadi ya nne, na pasipo tiba kunaweza kuua. Tena kila mara mtu anapoachishwa hivyo, safari inayofuata huwa mbaya zaidi. Yeye tulishamfungia mara mbili kabla. Hospitali wangempa diazepamu, vitamini B1, dripu na mtu wa kumwangalia usiku. Muhimbili wanatoa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, kwa watu wa heroini tangu 2011, na arosto ya heroini ni nadra kuua. Mlevi sisi tunamnunulia kufuli.

Nakubali, chupa ya kwanza aliinunua mwenyewe. Lakini mbege ileile tumeinywa wote chini ya migomba ileile, na wengi wetu tuliiacha bila hata mkono kutikisika. Babu naye pombe ilimshika kama baba mdogo. Denmark, mwaka 1973, watafiti walifuatilia wana wa walevi waliolelewa na familia nyingine tangu wadogo: walikuwa walevi karibu mara nne kuliko wenzao waliolelewa vilevile lakini wazazi wao wa kuwazaa hawakuwa walevi. Tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya hatari hii ni ya kurithi, kwa jeni nyingi, si moja.

Mwana wa baba mdogo alishika koleo pale kaburini, likawa linamchezacheza mikononi. Alikuwa hajazimua tangu asubuhi. Jioni nikawasikia shangazi wakisema naye afungiwe. Shangazi zangu, nawapigia magoti, msimguse. Kesho alfajiri nakuja kumchukua, tunakwenda naye hospitali.